Vipira vya hedifoni za masikioni: saizi gani, na silikoni au sponji?

KijanaWaMbagala

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa wanaojua mambo ya sauti.

Nina hedifoni za waya, zile za kuchomeka ndani ya sikio na waya unazungukia juu ya sikio. Zilikuja na vipira vya silikoni jozi tatu: S, M na L. M inakaa vizuri sikio la kulia, ila la kushoto inachomoka nikitafuna au nikiongea. Nikiweka L haichomoki, lakini baada ya saa moja hivi sikio linauma pale mlangoni. Besi ni kama haipo, na herufi "s" na "sh" kwenye nyimbo zinachoma. Kwenye daladala inabidi nipandishe sauti karibu mwisho.

Kariakoo kuna pakiti za vipira mchanganyiko visivyo na jina. Mtandaoni kuna vya majina makubwa ambavyo bei yake inakaribia bei ya hedifoni zenyewe. Nitajuaje kwamba vitaingia kwenye hedifoni zangu? Nichukue silikoni au sponji? Na je, kweli vipira vinabadilisha sauti au ni maneno ya wauzaji? Halafu nina nyingine za Bluetooth, natamani ninunue aina moja itumike kote.

---

fundi_tabata

Mkuu, usitoe hela kabla hujapima. Kipira kina vipimo viwili na watu wanavichanganya: tundu la ndani, ambalo linavaa kwenye mrija wa hedifoni (kile kishina sauti inapotokea), na upana wa nje unaokaa sikioni. S, M na L zinaongelea upana wa nje tu. Ndiyo maana mtu anaagiza M ya kampuni nyingine, ikifika inachezacheza kwenye mrija au haiingii kabisa.

Anza na mrija. Ukiwa na vernia kaliparia vizuri. Kama huna, kata ukanda wa karatasi wenye upana wa milimita 2, uzungushe mara moja kwenye mrija ukiwa umekaza, tia alama kwa peni yenye ncha nyembamba pale karatasi inapokutana, unyooshe, upime kwa rula, kisha gawa kwa 3.14. Ukipata milimita 12.6 mrija ni wa milimita 4. 14.1 ni 4.5, 15.7 ni 5, 17.3 ni 5.5, na 18.8 ni 6. Nusu milimita ya kipenyo inakuwa zaidi ya milimita moja na nusu kwenye karatasi, kwa hiyo hata rula ya shule inatosha. Pima sehemu mbili: ukingo uliotokeza mwishoni mwa mrija, na shingo iliyo nyuma yake. Ukingo ndio unaozuia kipira kisitoke. Shingo ndiyo kipira kinachoikumbatia. Mrija usio na ukingo, wa laini moja kwa moja, unahitaji kipira cha kubana zaidi.

Sasa kipira. Kingi kinauzwa bila vipimo, na kupima tundu la mpira kwa rula ni kujidanganya maana linavutika. Nenda na biti za drili za milimita 4, 4.5 na 5. Geuza biti, tumia mkia wake ulio laini. Hakikisha tu ni biti ambayo mkia wake ni wa unene uleule na ncha. Ule mkubwa kuliko yote unaoingia bila kusukuma ndio kipimo cha tundu. Muuzaji atakushangaa, mwache ashangae.

Silikoni inatakiwa iwe na tundu dogo kuliko mrija kwa nusu milimita hadi milimita moja. Mrija wa 5.5 tafuta tundu la 4.5 au 5. Ukizidisha, ukavalisha tundu la 3.5 kwenye mrija wa 5.5, kiini cha kipira (bomba la ndani) kinapanuka, kinasukuma sketi yake ya nje (ile sehemu laini inayogusa sikio), na M inageuka kuwa kama ML (saizi kati ya M na L) isiyobonyea. Hapo lazima sikio liume. Kinyume chake ni hatari zaidi: tundu likiwa kubwa, unachomoa hedifoni na kipira kinabaki sikioni.

Kukivalisha: pindua sketi irudi nyuma, kama mwavuli uliopinduliwa na upepo, kiini kibaki wazi. Kisukume huku unakizungusha mpaka usikie kimeruka ukingo. Rudisha sketi, kivute kidogo kwa vidole. Kikitoka kwa mvuto huo mdogo, hakikufai.

---

SautiSafi

Kwenye kupima namuunga mkono fundi. Mimi nijibu lile la kama vipira vinabadilisha sauti.

Vinabadilisha, na sana. Spika ndogo ya hedifoni inasukuma hewa kwenye chumba kidogo kilichofungwa, kati ya kipira na ngoma ya sikio. Mtikisiko wa besi ni wa polepole, kwa hiyo pakiwa na upenyo hewa inapata muda wa kutoroka kabla haijaisukuma ngoma. Mtikisiko wa trebo, yaani sauti nyembamba za juu, ni wa haraka mno, upenyo mdogo hauusumbui. Matokeo yake besi inakufa na trebo inabaki peke yake. Kwa hiyo mkuu, besi iliyopotea na "s" zinazochoma yawezekana ni tatizo moja, yaani sikio la kushoto halijaziba. Na ukishapandisha sauti ili uipate besi, unaipandisha na ile "s" pia.

Usikisie, jaribu hivi. Pakua programu yoyote ya bure ya kutoa mlio wa masafa, weka hezi 50, sauti ndogo. Vaa upande mmoja tu. Mlio ukiwa unaendelea, bonyeza hedifoni ndani kwa kidole, taratibu. Besi ikiruka juu ghafla, kulikuwa na upenyo. Isipobadilika, imeziba. Kisha fungua mdomo, tafuna hewa, geuza shingo. Kiungo cha taya kiko mbele kabisa ya tundu la sikio, kwa hiyo taya ikicheza umbo la tundu linabadilika, na ndiyo maana chako kinachomoka ukitafuna. Kipira kizuri kinashika besi hata taya ikicheza. Rudia upande wa pili.

Na hakuna sheria inayosema pande zote zivae saizi moja. Masikio ya mtu mmoja mara nyingi hayalingani. M kulia na kitu kikubwa kidogo kushoto ni jambo la kawaida. Shida yako ni kwamba kati ya M na L ya pakiti yako kuna pengo. Mara nyingi S huwa karibu milimita 11, M 12 na kitu, L 13 na kitu, na kila kampuni ina rula yake. Kuna kampuni zinazouza saizi za katikati: Spiral Dot za JVC na SednaEarfit za AZLA zina MS na ML. Final wana Type E, saizi tano kuanzia SS mpaka LL. Kabla hujahamia malighafi nyingine, tafuta ML ya silikoni. Watu wengi wanaruka hatua hii, wanakimbilia vya bei kubwa katika saizi ileile isiyowatosha.

Ikishaziba na "s" bado inachoma, angalia vitu viwili. Cha kwanza ni kina. Tundu la sikio lina mwangwi wake, na hedifoni ikikaa juujuu mwiba wa mwangwi huo, yaani pale unapopiga kwa nguvu zaidi, unaangukia maeneo ya kilohezi 8 au chini yake, karibu kabisa na "s". Ukizama ndani zaidi mwiba unapanda juu na "s" inatulia. Cha pili ni mdomo wa kipira, yaani tundu la mbele sauti inapotokea. Mdomo mpana, unaolingana na mrija, unaachia trebo yote. Ndio mtindo wa Spiral Dot. Mdomo mwembamba kuliko mrija unaipunguza. Kwa hedifoni zinazochoma usinunue mdomo mpana hata kama kila mtu anausifia.

---

Besi254

Sasa wadau. Nimeona silikoni imetetewa vya kutosha, wacha nisimame na sponji.

Kwa kelele za matatu au ndege sponji haina mpinzani kati ya vipira vya kawaida. Inavimba ikafuata umbo la sikio lako, hata kama tundu lako si duara (na ya watu wengi si duara, ni kama yai). Inafunika zile kona ambazo silikoni inaziruka. Pia inanyonya trebo kidogo, kwa hiyo ile "s" ya mkuu itashuka bila kugusa kitu kingine.

Ila watu wanaivaa vibaya halafu wanasema haifanyi kazi. Vidole viwe vikavu. Isokote kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka iwe nyembamba, sokota, usibonyeze tu. Mkono wa pili upitishe juu ya kichwa, ushike ncha ya juu ya sikio, uvute juu na nyuma. Hapo tundu linanyooka. Ingiza, kisha shikilia hedifoni isitoke kwa sekunde 20 au 30 wakati sponji inavimba. Ukiachia mapema inajisukuma nje na unabaki na upenyo.

Kwa vipira vya sponji kampuni ya Comply ndio wanaojulikana zaidi, na wao wanaandika namba kwa unene wa mrija. Namba 100 ni ya mirija myembamba ya kama milimita 3, mfano hedifoni za Shure SE215 na Etymotic. Za 400 na 500 ni za mirija minene zaidi. Ukinunua 100 kwa hedifoni zako haitapita kabisa.

Ubaya wake: inachakaa. Jasho na mafuta ya ngozi vinaila, inaanza kuvimba polepole, kisha haivimbi, kisha inameguka. Hesabu miezi mitatu hivi kwa mtu anayevaa kila siku. Angalia pia mdomo wake baada ya kuvaa. Sponji laini kupita kiasi inajikunja na kubana njia ya sauti, na muziki unasikika kama uko nyuma ya pazia. Ikitokea hivyo chukua saizi ndogo, si kubwa.

---

fundi_tabata

Besi254, Nairobi kuna baridi, unaweza kuitetea. Kwa joto la Dar au Mombasa, mtu anayetembea juani na jasho, sponji inanyonya maji na haikauki kati ya asubuhi na jioni. Ukiitaka nunua jozi mbili, uvae kwa zamu, na isiwekwe kwenye kile kikasha kilichofungwa ikiwa bado mbichi. Mimi kwa mvaaji wa kila siku wa pwani bado nasema silikoni.

---

nesi_wa_zamu

Nimesoma habari ya maumivu nikaona niongeze. Mahali panapouma panakuambia kosa liko wapi.

Pakiuma mlangoni, kwenye gegedu, na ukitoa unakuta alama nyekundu ya mviringo, kipira ni kipana au ni kigumu. Shuka saizi au tafuta silikoni nyembamba zaidi. Pakiuma ndani, maumivu makali hata kwa mguso mdogo, umefika sehemu ya mfupa. Hizo theluthi mbili za ndani ya tundu ngozi yake ni nyembamba sana na imelala juu ya mfupa, haistahimili mgandamizo. Vipira virefu vya ngazi tatu kama vya Etymotic vimetengenezwa kuingia kina hicho kwa makusudi na vinaziba vizuri sana, lakini vinahitaji kulowekwa kidogo kwa maji kabla ya kuvaa na si kila mtu atavizoea.

Pakiwasha bila kuuma, fikiria unyevu na uchafu kwanza. Sikio lililozibwa lina joto na majimaji, na fangasi wanapapenda. Usivae mara tu baada ya kuoga au kuogelea. Silikoni ivue kwenye hedifoni, ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida, ikauke kabisa ndipo irudi. Kuloweka kwenye spiriti kila siku si lazima. Sponji ifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu, bila spiriti. Usiazimane vipira. Sikio linalotoa usaha, au ngoma iliyotoboka, lisizibwe kabisa mpaka daktari aone.

Kipira kikibaki ndani: kama unaona ukingo wake umetokeza, kishike kwa vidole ukitoe polepole. Kama hakishikiki, nenda hospitali. Pini ya nywele na pamba ya kijiti vinakisukuma ndani zaidi.

Na hiyo ya kupandisha sauti karibu mwisho kwenye daladala iache, kaka yangu. Kwa kipimo cha WHO, desibeli 80 ni saa 40 kwa wiki, ila ukifika 90 zinabaki saa 4 tu kwa wiki nzima. Kipira kinachoziba ndicho kinachokuruhusu kushusha.

---

KijanaWaMbagala

Asanteni sana wakuu, na dada nesi pia. Nimepima kwa karatasi: ukingo 17.6, shingo 16.5 hivi. Jaribio la hezi 50 limenionyesha kulia pameziba, kushoto nikibonyeza besi inaruka. Kwa hiyo ni ML ya silikoni kushoto.

Yamebaki mawili. Nikivaa polepole kushoto hakuna kitu, ila kulia, panapoziba, nasikia mlio kama wa mfuko wa nailoni unaokunjwa, mara moja tu wakati wa kuingiza. Nimeharibu spika? Na zile za Bluetooth, vipira hivi vitaingia?

---

fundi_tabata

17.6 toa unene wa karatasi, hiyo ni 5.5. Shingo ni 5.2 hivi. Chukua tundu la 4.5.

Huo mlio ni utando wa spika unabonyea. Ukiingiza hedifoni inayoziba, unasukuma hewa ndani ya sikio kama bomba la sindano, hewa inarudi kugandamiza utando. Kushoto husikii kwa sababu hewa inavujia kwenye upenyo. Ukishaweka ML utausikia na huko. Kwa kawaida hauharibu kitu, ila sauti ya upande huo inaweza kufifia kwa muda mpaka utando urudi. Angalia kasha la hedifoni yenyewe (si kikasha cha kubebea): kuna kitundu kidogo cha hewa, mara nyingi upande unaogusa sikio au karibu na shina la mrija. Usikifunike kwa kidole unapovaa, na usisukume kipira mpaka chini kikakiziba. Vuta sikio juu na nyuma, ingiza ukizungusha, kwa utaratibu. Sauti ikigoma kurudi, toa hedifoni, usiinyonye kwa mdomo kama wanavyofundishana vijana, maana unapeleka mate kwenye chujio (kile kiwavu kilicho mdomoni mwa mrija).

Sauti ya upande mmoja ikiwa ndogo siku zote, badilishana vipira kulia na kushoto kabla ya kulaumu spika. Tatizo likihama na kipira, ni kipira. Likibaki palepale, angalia chujio la mrija kwenye mwanga, mara nyingi limejaa nta. Elekeza mrija chini, piga mswaki mkavu mlaini, uchafu udondoke nje. Sindano inatoboa chujio.

Bluetooth ni habari nyingine. Vipira vyake ni vifupi kwa sababu ya kasha la chaji. Ukiweka virefu kifuniko hakifungi, au kinafunga lakini hedifoni imeinuliwa hata nusu milimita, pini hazigusani, asubuhi unakuta upande mmoja hauna chaji. Kwa hiyo ukijaribu kipira kipya, funga kasha, fungua, angalia taa au asilimia ya pande zote mbili kwenye simu. Mirija mingine ni ya umbo la yai, kipira cha duara kinaingia lakini kinaacha mwanya. AirPods Pro zina kitako chao cha kubonyeza, vipira vya kawaida haviingii bila adapta, na hata kati ya toleo la kwanza na la pili chujio la ndani ya kipira halifanani. Zenyewe zina jaribio la kuziba ndani ya mipangilio ya simu, litumie.

---

SautiSafi

Naongezea dogo kwa ile ya waya. Ukipata ML inayoziba lakini ukataka kina kibadilike kidogo, tafuta oringi (pete ya mpira) nyembamba ya unene wa milimita 1, tundu la ndani milimita 5, iteleze kwenye shingo kabla ya kipira. Kipira kinasogea mbele milimita moja, hedifoni inakaa nje kidogo, na mara nyingine kule kuuma mlangoni kunaisha kwa sababu kasha haligusi tena gegedu. Angalia kitundu cha hewa kibaki wazi, na kipira bado kiruke ukingo.

Mwenye mrija mwembamba wa milimita 3 anayetaka kuvaa vipira vya 4.5 aunenepeshe kwa kipande cha mrija wa silikoni. Au akaze bomba la joto (bomba la plastiki linalosinyaa likipashwa moto) juu ya biti ya drili ya milimita 3 kwa kibiriti cha gesi, likipoa alichomoe ndipo alivalishe kwenye hedifoni. Moto usikaribie hedifoni yenyewe. Na supaglu hapana: mvuke wake unaacha ukungu mweupe kwenye chujio na hautoki.

---

Besi254

Mkuu wa Mbagala, ukiagiza mtandaoni chukua pakiti yenye M, ML na L pamoja badala ya jozi tatu za ML. Rula ya kampuni hiyo inaweza kuwa tofauti na ya pakiti uliyonayo, na sikio lako la kulia nalo huenda likataka kuhama.